Mpishi wa Misiba Aliyeomba Gari

Wapendwa, kwenye kusonga ugali wa msibani sisi hatujambo, na hilo nalisema bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi leo nawapa habari za mama mmoja ambaye kazi hiyo aliijua kuliko sisi sote.

Alikuwa mjane, mchuma chai katika shamba moja kubwa huko milimani. Kibarua, yaani ukichuma unalipwa, ukiugua unalala njaa. Bima ya afya hakuwa nayo, na pale kambini hakuna aliyekuwa nayo. Walichokuwa nacho, tena walichojivunia, ni chama cha kuzikana. Chama kilikuwa na masufuria ya kulisha kijiji kizima, turubai, viti, na mwenye gari waliyeelewana naye kwamba mwanachama akifa atasafirishwa hadi kwao, hata kuwe mbali namna gani. Na mpishi mkuu wa chama alikuwa mama huyu. Msiba ukitokea tu, unamkuta ameshafika na mwiko wake.

Mwaka mmoja tumbo lake likaanza kuvimba. Wenzake wakamtania, "Shoga, umetuficha! Huyo kitinda mimba baba yake nani?" Naye akacheka nao, kisha akifika nyumbani anajikunja kwa maumivu. Akanywa mizizi, akanywa vidonge vya dukani. Mwishowe akashuka hospitali, daktari akampima, akamwambia, "Mama, huu ni uvimbe. Ukitolewa utapona, lakini usiucheleweshe. Usizidishe miezi miwili." Alipotajiwa gharama za upasuaji akashukuru, akajifunga kanga yake vizuri, akarudi kuchuma chai. Angefanya nini?

Mwezi haujaisha, akafa mwenzao. Alijikata mguu kwa panga akipogoa michai, jeraha likaharibika, akalala ndani wiki sita akilikanda kwa maji ya chumvi. Watu walipita mlangoni, "Pole, baba," wakaenda zao. Siku alipokata roho, kambi nzima ilihamia kwake. Ng'ombe akachinjwa, gari likaja. Mama yetu akiwa jikoni akamsikia mtu akisema, nyama ingali mdomoni, "Kwa kweli huyu tumemtendea haki." Akauweka mwiko chini. Akasema moyoni, "Ugali unaofuata ni wangu. Na mimi sitaki uliwe."

Siku ya kikao cha chama akasimama. "Mwenyekiti, nina taarifa ya msiba."

Wanaume wakavua kofia. "Nani tena jamani?"

"Mimi."

"Mama! Acha uchuro!" Mwenyekiti aling'aka.

"Uchuro ni kunyamaza, mzee wangu. Daktari alinipa miezi miwili, na mmoja umekwisha. Nikifa mtanichinjia ng'ombe, mtanifungia turubai, mtanikodia gari mpaka kwetu. Huyo ng'ombe sitamla, na hilo turubai sitaliona. Nipeni haki yangu sasa hivi, nipelekwe hospitali. Gari la msiba nataka kulipanda nikiwa nimekaa."

Mwenyekiti akafungua daftari la katiba, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Hakuwa mtu mbaya, wapendwa, alikuwa mtu wa utaratibu. Akasema kwa upole, "Mama, tunakupenda. Lakini imeandikwa kwamba msaada ni wa mwanachama aliyefariki. Kwa sasa hujatimiza masharti."

Yule mama akavua kanga yake ya mabegani, akaitandika chini katikati ya kikao, akalala chali na kujifunika uso kwa pindo. "Haya, nimeshatimiza. Anzeni kuchanga."

Mungu wangu! Wengine wakalia, wengine wakakasirika. Ndipo akainuka mke wa yule aliyejikata mguu, bado ana kitambaa cha msiba kichwani. Akasema, "Mimi mlinipa ng'ombe, na nikawashukuru. Lakini nilikuwa nahitaji sindano." Akapiga magoti, akamshika mwenzake mkono, akamwinua.

Wakachanga palepale, na gari likaitwa siku ileile. Mama alikaa mbele, mahali anapokaa mbeba msalaba siku ya maziko, akapelekwa, akapasuliwa, akapona. Mnadhani akarudi kwenye masufuria? Akakataa katakata. "Sisongi ugali wa msiba wa mtu yeyote mpaka kila nyumba hapa iwe na bima." Wakabishana naye wiki tatu, wakashindwa. Michango ikaanza kwanza kukata bima za walio hai. Kisha wakaenda wote kwa meneja wa shamba kumwambia naye achangie vibarua wake. Meneja akasema ataliangalia. Wakamjibu, "Haya, liangalie, sisi tunakungoja hapahapa." Wakakaa chini.

Sasa tuje kwetu. Stoo ya kanisa hili ina masufuria mangapi? Tukisikia fulani amefariki, tunachanga kabla jua halijazama. Tukisikia anaumwa, tunasema nini? "Tumwombee." Tumwombee, ndiyo, lakini Bwana wetu aliwashika wagonjwa kwa mikono yake wakiwa bado wanapumua. Na wewe mwenye dada wa kazi nyumbani, na mlinzi getini: unajua akiugua anakwenda wapi? Au utakuja kumjua kwenye rambirambi? Nami najiuliza hayohayo, maana mlinzi wa nyumba ya mchungaji hana bima, na mchungaji ni mimi. Naona aibu kulisema, lakini nalisema.

Kwa hiyo leo, baada ya baraka, sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Mtanikuta kwenye meza, mbele ya stoo ya masufuria, nina kalamu na daftari la bima. Jina la kwanza nitaandika la mlinzi wangu. Lete majina ya watu wa nyumba yako, na ya wanaokufulia na kukulindia. Asiyeweza aseme hawezi, tutambeba pamoja. Nitakaa hapo leo, na Jumapili ijayo, na nyingine, mpaka majina yaishe.

Wapo humu ndani, kwenye mabenchi haya, ambao bado wanaweza kulipanda gari wakiwa wamekaa. Tusingoje watimize masharti.