Sindano ya Magunia

Kulikuwa na mama mmoja aliyepotelewa na sindano. Si ya nguo, ni ile kubwa ya kushonea magunia ya mahindi. Aliitafuta darini, akaitafuta jikoni, mpaka chini ya kuku aliyeatamia. Siku ya tatu akaiona imechomekwa ukutani, upande anaolala mumewe, na uzi bado uko tunduni.

"Baba watoto, ulikuwa unashona nini?"

"Gunia."

"Gunia lipi, na mahindi bado yako shambani?"

Mume akachukua kofia yake, akatoka.

Tangu siku hiyo godoro likawa na mwenyewe. Mama akitaka kulianika, mume anasema, "Liache, nitalianika mimi." Mama akilala upande ule wa mumewe, anasikia kitu kinachakarika ndani ya sufi. Mama akaanza kuwaza. Ni hirizi? Ni kitu cha mwanamke mwingine? Wewe mwenzangu, ungewaza nini?

Kumbe mume naye alikuwa na yake moyoni. Mwezi uliopita mkewe alimwambia, "Ile karatasi ya shamba isikae tu sandukuni. Twende tukaliandikishe, na wewe uandike wosia, watoto wasije wakasumbuliwa."

Mume alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Umenisikia nakohoa? Au mmeshakubaliana na ndugu zako siku ya kunizika?"

"Mungu apishe mbali! Nimeuliza tu."

"Basi usiulize tena."

Shamba hilo alilinunua kwa mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Karatasi ilikuwa hiyo hiyo moja, imeandikwa kwa mkono.

Masika hayakuisha, mume akaanguka shambani, akafa. Kwao godoro la marehemu halibaki ndani. Siku ya kumaliza matanga hutolewa nyuma ya nyumba, likachomwa. Majirani wakalibeba. Mmoja akasema, "Dada, tulifumue kwanza? Sufi hii bado nzuri, utapata mito miwili."

"Msilifumue!" mama akasema. "Kilichomo na kiende na moto."

Akawasha kiberiti mwenyewe. Na moyoni, tuseme ukweli, alipata nafuu.

Baada ya wiki moja akaja kaka wa marehemu, hata chai hakutaka.

"Shemeji, shamba hili ni la baba yetu. Kama ndugu yangu alilinunua, nioneshe karatasi."

"Subiri hapo hapo," mama akajibu kwa kujiamini. Akavunja kufuli la sanduku. Mlikuwa na redio isiyo na betri na soksi jozi moja. Akakung'uta hata soksi.

Alipoinua macho akaiona ile sindano ukutani.

Alikimbia nyuma ya nyumba akapiga magoti jivuni. Alichopata ni mfuko wa nailoni ulioyeyuka, umeshika kipande cha karatasi kama ukucha, chenye wino wa dole gumba la yule mzee. Jina halikuwepo. Mipaka haikuwepo. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama.

Ndugu zangu, ni nani aliyeliteketeza shamba la wale watoto? Tusikimbilie kumtaja shemeji. Baba alimdhania mkewe kuwa anamtakia kifo, akaficha. Mama alimdhania mumewe kuwa ana mwingine, akaogopa kufumua. Walilala juu ya urithi wa watoto wao, kila mmoja ameugeuzia ukuta uso.

Nasi tuko hivyo hivyo. Tukiambiwa habari ya wosia tunanusa kaburi. Tukiulizwa karatasi iko wapi tunanusa wizi. Leo tukitoka hapa, tukae na wenzetu, tuseme kitu kilipo, tuandike, mashahidi waweke sahihi, na nakala akae nayo mtu mwingine tunayemwamini.

Jiulize tu: huyo unayelala naye, anajua? Kama hajui, kiberiti umeshamwekea mkononi.