Jani Moja la Isale

Paukwa! Aa, mnaitikia kama mna ndizi mdomoni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliishi mjane mmoja aitwaye Aikande, mwenye hasira za karibu. Jirani yake alikuwa Ngilisho, mdogo wa marehemu mumewe. Migomba yao ilitenganishwa na safu ya masale, ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga huutumia kuweka mpaka na kuomba msamaha. Kijijini kwao, aliyeletewa jani la isale lililotoka kwenye mpaka wa ugomvi hakuweza kukataa kusamehe.

Siku moja Ngilisho akayahamisha masale, akamega hatua moja ya shamba la shemejiye. Aikande akaja juu! Akayang'oa yote, akayachoma moto. Tangu hapo hawakusemezana, na watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja.

Krismasi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ilipokaribia, Aikande aliwaona wanawe wakiwachungulia binamu zao kupitia migomba. Moyo ukamuuma sana. Akaamua kuomba msamaha. Lakini kwa jani lipi, na alishayachoma mwenyewe?

Akamwuliza mbega, "Mbega, umeona isale?"

"Nimeona majivu tu."

Akamwuliza kinyonga, "Kinyonga, umeona isale?"

"Nimeona majivu tu, na nimetazama pande zote kwa mpigo."

Akamwuliza fuko, "Fuko, umeona isale?"

"Mama, mimi sioni kitu," fuko akacheka. "Ila kila siku najigonga pua kwenye mizizi yake. Mlihangaika na majani ya juu, mizizi ya chini hamkuifikia. Subiri mvua."

Mvua ikanyesha siku tatu. Asubuhi, siku moja kabla ya Krismasi, Aikande akaenda mpakani. Jani moja bichi lilikuwa limechomoza! Lakini mbele ya jani hilo alikuwa amepiga magoti Ngilisho, panga mkononi.

"Shemeji! Umekuja kulimaliza hata hili?"

"Nimekuja kulikata nikuletee," Ngilisho akasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye niliyehamisha mpaka."

"Na mimi ndiye niliyechoma!"

"Kosa langu!"

"Langu mimi!"

"Langu, nimesema!"

Jamani, nusura wapigane upya! Fuko akatoa pua nje. "Mkilikata litakufa. Ombaneni msamaha hapo hapo, mniache nilale."

Aikande akaangua kicheko, akamshika shemejiye mkono. Wakasameheana, na jani wakaliacha. Krismasi ile watoto wote walikula mtori wa ndizi na nyama kutoka chungu kimoja.

Lakini siku ile ya kusameheana, kabla ya kuondoka mpakani, Ngilisho alitazama chini. Isale lilikuwa limeota kwenye mstari ule wa zamani, uliokuwapo kabla hajahamisha kitu. Akatafuta vijiti, akavichomeka kuufuata mstari ule mpaka mwisho wa shamba, bila kuambiwa na mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye ugomvi na jirani yake asinitazame mimi.