Ngiri na Ubeti wa Pili

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa ya nani?
Ya ngiri, mkia chini!
Chini? Ngojeni, mtajua.

Hapo zamani za kale mkia wa ngiri ulining'inia tu, kama kamba iliyosahauliwa mtini. Ngiri hao walikuwa na bwawa moja na mila moja. Wakifika bwawani, mkubwa wao hunywa kwanza. Wengine husimama nyuma wakiimba:

"Mkubwa kwanza, mkubwa kwanza,
ndivyo tulivyoikuta dunia!"

Mkubwa wao alikuwa Mzee Singa. Alikuwa na tumbo, jamani! Hupiga magoti, akanywa. Gubu, gubu, gubu. Akishiba haondoki. Hujilaza majini, akajigaragaza, pwata, pwata, mpaka bwawa lote likawa tope. Ndipo watoto nao hunywa.

Mwaka huo jua lilikuwa kali. Bwawa likapungua. Bi Mashavu alikuwa na binti mmoja tu, Kijino, na Kijino aliharisha kwa kunywa tope. Mbavu zake zikahesabika. Bi Mashavu akaogopa, maana mtoto wake wa kwanza alikufa hivyo hivyo. Akamwendea Mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mashavu. Una nini?"

"Mtoto anakufa. Naomba anywe kabla hujaoga."

"Mwacha mila ni mtumwa!"

"Mila yenyewe ilianzaje, Mzee wangu?"

"Ilianzaje! Tumeikuta. Hebu nenda zako."

Bi Mashavu akaenda zake, roho inamuuma. Njiani akakumbuka kuwa marehemu bibi yake aliuimba wimbo ule kwa beti mbili. Ubeti wa pili ulisemaje? Akajikuna kichwa, akaukosa.

Siku ya tatu wakaenda bwawani, kwata, kwata, kwata. Wakaimba. Mzee Singa akasogea. Akasimama. Katikati ya maji palikuwa na gogo, na jana gogo halikuwapo. Gogo likapepesa jicho.

Mzee Singa akarudi nyuma taratibu. Akakohoa.

"Wajukuu zangu," akasema, "nimefikiri sana. Mila nyingine zimepitwa na wakati. Leo watoto watangulie. Kijino, njoo, mama, unywe maji safi."

Kijino, koo limemkauka, akatoka mbio. Lakini Bi Mashavu naye alikuwa ameliona lile jicho. Akamkinga mwanawe kwa ubavu, pu! Na ubeti wa pili ukamjia, mzima mzima, kwa sauti ya bibi yake:

"Mkubwa kwanza, mkubwa kwanza,
mamba asimkute mtoto!"

Ngiri wote wakamgeukia Mzee. Kumbe ndiyo sababu!

"Mwacha mila ni mtumwa, Mzee wangu," Bi Mashavu akasema. "Tangulia."

Kundi zima likaimba, beti zote mbili. Mzee Singa akatazama kulia, akatazama kushoto. Pa kupita hapakuwapo. Akapiga magoti, akagusa maji kwa ncha ya pembe. Chubwii! Mamba akaruka. Mzee akageuka, lakini mkia ukachelewa. Kacha! Ncha yake ikaenda na mamba. Mzee akatimua mbio, mkia juu, na kila ngiri akatimua nyuma yake, mkia juu. Ndiyo maana hadi leo ngiri akikimbia huuinua mkia.

Walipotulia, wakazunguka hadi upande wa mawe, penye maji ya kifundoni, ambapo mamba hana pa kujificha. Hata huko Mzee Singa alitangulia. Akanywa funda moja, akasikiliza, akapisha. Hakuoga. Kijino akanywa maji meupe mpaka akabeua.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: mila ina heshima na ina mzigo. Aipokeaye heshima, abebe na mzigo.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mawe ya bwawa. Na atakayeniimbia, aniimbie beti zote mbili.