Gitaa Lililoshikwa na Mafua

— Paukwa!
— Pakawa!
— Paukwa na nyuzi!
— Zivume tusikie!

Basi sogeeni karibu, maana hii hata mimi ninayeisimulia hunitia hofu.

Hapo kale Mama Pimbi alikuwa na gitaa. Tumbo lake debe la mafuta lenye tundu, shingo yake ubao, nyuzi zake waya wa breki: mmoja mnene, mmoja wa kati, mmoja mwembamba. Kila asubuhi aliota jua mwambani akilipiga, duuum, diiim, tiii, na watoto wake watatu wakicheza.

Asubuhi moja, chakacha! Chakacha! Mama Pimbi akageuka. Chui! Na pango liko mbali. Akawasukuma watoto ndani ya tundu la debe: mmoja, wa pili, wa tatu.

"Nyamazeni. Msipumue kwa nguvu."

Chui akafika.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Watoto wako wapi?"

"Wamekwenda kwa shangazi yao."

"Basi nipigie gitaa nikiwasubiri. Wakirudi nitaanza na wao, kisha wewe."

Mama Pimbi akapiga uzi. Bup. Akapiga tena. Bup. Debe limejaa watoto, litavuma vipi?

"Mbona gitaa lina mafua?" Chui akasogeza pua. Fu! Fu! "Na linanuka nyama."

"Ni mimi huyo, mzee. Si nimelipakata?"

"Na kulia je, mbona halilii?"

"Nyuzi zimelegea. Uzi ukitikisika ndipo sauti hutoka. Mnene hutikisika polepole, huvuma chini. Mwembamba hutikisika mbio, hulia juu. Na ukiukaza, hulia juu zaidi."

Hayo ya mtikisiko yote kweli tupu. Habari za tumbo la gitaa tu ndizo hakuzitaja.

Chui akalamba midomo. "Ukaze huo mwembamba. Nataka ulie kama kitoto cha pimbi."

Ndani ya debe watoto wakatetemeka. Mama yao akazungusha kigingi cha kukazia. Kri! Bup.

"Juu zaidi!"

Kri! Bip.

"Juu zaidi!"

Kri, kri! Tip.

"Huna nguvu wewe! Lete nikaze mwenyewe!"

"Kaza, mzee. Ila weka jicho hapa karibu na kigingi, uangalie waya usiteleze."

Chui akaweka jicho, akakaza. Kri! Kri! Kri! PWAA! Waya ukakatika, ukamchapa jichoni.

"Uwiii! Jicho langu!"

"Tokeni!" Watoto wakachomoka, pu, pu, pu, wakatimua mbio na mama yao hadi pangoni. Akawahesabu: mmoja, wa pili, wa tatu. Akawahesabu tena, ndipo akalia.

Huku nje Chui akalipiga debe teke kwa hasira. NGUUUUM! Bonde zima likaitika. Chui akashtuka. Kumbe lina sauti! Akachungulia tunduni kwa jicho lililobaki, akaona manyoya. Akayagusa. Yalikuwa bado na joto.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeogopa amshike jirani mkono.

Na fundisho, wanangu, ni hili: mkubwa akikuuliza, mwambie ukweli wote, usibakize hata chembe. Mama Pimbi alibakiza, na mwoneni sasa: gitaa lake lina nyuzi mbili tu.