Mkono Ulioomba Ruhusa

Wapendwa, nipeni masikio yenu niwasimulie habari za mama mmoja mjane.

Mama huyu alisumbuliwa na mgongo, na daktari akamshauri ajaribu mazoezi ya yoga. Akaenda kwenye ukumbi mmoja mdogo juu ya duka la vitambaa, akatandika mkeka wake nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mwalimu alikuwa dada mpole. Hakumgusa mwanafunzi yeyote, hata kwa kumnyoosha tu, kabla ya kumwomba ruhusa. Alipofika kwa yule mama akachuchumaa, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, naweza kukushika mgongoni?"

Mama akasema hapana. Mwalimu akamshukuru, akamwelekeza kwa maneno tu, akapita.

Mnajua kwa nini alikataa? Si kwamba hakutaka. Tangu amzike mumewe, watoto wakarudi makwao, hakuna aliyemgusa zaidi ya kupeana mkono haraka mlangoni. Usiku alilala ameukumbatia mto wa marehemu. Aliutamani mkono wa mtu mpaka akauogopa, maana alijua ukimgusa tu atalia mbele za watu.

Kila alipokwenda aliulizwa upya, na kila mara akakataa. Mwalimu hakununa. Ikafika mahali mama akawa anaingoja siku ya mazoezi kwa ajili ya lile swali tu. Walau yuko mtu anayemuuliza.

Asubuhi moja akajikuta amejibu, "Nishike."

Mkono ukatua mgongoni, taratibu. Mama akaanza kulia. Mwalimu akanong'ona, "Niuondoe?"

"Usiuondoe, mwanangu. Bado kidogo."

Sasa niwaulize, ndugu zangu. Mama huyu hana kanisa? Analo. Ni hili. Siku ya msiba sisi tulijazana kwake, tukamkumbatia, tukamvuta huku na huku, tukamwekea mikono kichwani. Nani kati yetu alimwomba ruhusa? Alipojikunja tukasema huyu anapenda kukaa peke yake, tukamwacha. Na leo tunakaa naye benchi moja, tumeacha nafasi ya mtu mzima kati yetu na yeye.

Tulimshika bila kumuuliza, tukamwachia bila kumuuliza.

Basi tukitoka hapa tusimrukie mtu kwa kumkumbatia. Tusogee, tuulize. Akisema hapana, tumshukuru. Na Jumapili ijayo tukae karibu naye, tumuulize tena.