Amri ya Hodi

"Amri ya Sultani Kuhusu Kubisha Hodi Katika Jumba la Enzi: asiingie mtu mpaka mwenye nyumba aitikie karibu."

Hapo zamani za vita, majeshi ya kigeni yalipouteka mji wa Uvumbani na mfalme wa haki akakimbilia bara, hiyo ndiyo amri ya pekee aliyoachiwa Sultani Badi aitoe kwa akili yake. Nyingine zote zilishuka kutoka ghorofani, alikokaa Jemadari wa wageni aliyemtawaza.

Basi mjini alikuwako fukara mmoja, jina lake Makungu, mali yake kanzu moja na ulimi. Siku moja akasema barazani, "Jamani, Sultani wetu ni mgeni jumbani mwake." Watu wakacheka, mmoja akaenda kusema. Ikawa Makungu ameitwa jumbani akachapwe viboko, na mwili ule haukuwa na nyama ya kuvipokea.

Akafika mlangoni, umati nyuma yake. "Hodi!"

"Karibu, mpuuzi wee!" akaitika Sultani kutoka kitini.

Makungu hakuinua mguu. "Hodi wenyewe!"

"Nimekwisha kukwambia karibu! U kiziwi?"

"Nimesikia, maulana. Ila amri yako tukufu yamtaka mwenye nyumba, nami jana nikipita njiani nilikusikia ukibisha hodi ghorofani, waomba ruhusa ya kwenda kuoga. Mwenye nyumba gani hubisha hodi kwake? Naogopa kuivunja amri yako. Hodi!"

"Mvuteni ndani!"

Askari wakatazamana. "Kabla ya karibu ya mwenye nyumba, maulana?"

"Hodi! Hodiii!" akapaza sauti Makungu.

Jemadari alikuwa kajilaza baada ya chakula cha mchana. Maneno ya mji aliyoyajua yalikuwa machache, na lile la kupokea wageni alifundishwa na Sultani mwenyewe. Dirisha la ghorofani likafunguka kwa kishindo, uso mwekundu ukachomoza: "Karibu! Karibu! Ingia, nyamaza!"

Umati ukaguna. Makungu akapangusa nyayo, akaingia, akainama kuelekea ghorofani. "Starehe, mwenye nyumba." Kisha akamgeukia Sultani kwa upole: "Maulana, na sisi wageni tuketi wapi?"

Sultani akainua mkono aamuru viboko, akaona kuwa kosa la mtu huyu ni kusema jambo ambalo Jemadari amelithibitisha sasa hivi mbele ya mji mzima. Mkono ukashuka. Akacheka, na machozi yakamtoka.

Mpiga mbiu akatangaza kwamba Sultani, kwa rehema zake, amemsamehe mkosaji. Ukweli ni kwamba Sultani aliogopa kumkanusha Jemadari, na Makungu akaenda zake bila kuchapwa.