Mwenyekiti Ameshiba

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa baiskeli, haina breki!"
"Tupande hivyo hivyo!"

Basi, wanyama walifunga safari ya baiskeli, kijiji hadi kijiji, kuhubiri afya. Kiboko alijipa uenyekiti. Nguchiro, mdogo kuliko wote, kazi yake ilikuwa kutangulia na kengele, ngli! ngli! wenyeji wajue wageni wanakuja.

Kila kijiji Kiboko alihutubia: "Kula kidogo!"

Umati: "Nyonga sana!"

Kisha chakula. Na mnajua adabu zetu.

"Karibu, mzee."
"Asante, nimeshiba."
"Onja tu."
"Nimeshiba, jamani."
"Usitudharau, mzee!"
"Haya, kwa heshima yenu."

Nyafu! Nyafu! Ugali ukaenda, maharage yakaenda, ukoko ukaenda. Wenzake waliopanda vilima wanatazama tu.

"Shibe ingewadhuru," asema akijifuta mdomo. "Mimi nawakinga."

Anawakinga! Nguchiro alipandwa na hasira mpaka manyoya yakamsimama. Lakini nani amwambie mwenyekiti?

Siku moja mwenzao Digidigi alianguka na baiskeli yake, puu! kwa njaa.

"Mvivu!" Kiboko akafoka. "Akianguka tena, mwacheni hapo hapo."

Wamwache! Njia yenyewe ya chui, na kila mtu anajua. Nguchiro akaona hapana, dada yetu haliwi na chui kwa ajili ya tumbo la mtu. Akanyonga, kru, kru, kru, mpaka kwa Bi Nyani, mwenyeji wa kijiji cha mbele.

"Shikamoo, Bi Nyani."
"Marahaba, mwanangu. Huyo mwenyekiti wenu anapenda nini?"
"Anapenda aaminiwe. Akisema ameshiba, ameshiba. Huko nyuma walimsihi sana, wakamfanya aonekane mlafi mbele za watu."
"Aibu gani hiyo! Kwangu haitatokea."

Kiboko akafika. Akahutubia. Akanawa mikono mapema. Sinia la wali likaja, moshi unafuka.

"Karibu, mzee."
"Asante, nimeshiba."
"Mnamsikia?" Bi Nyani akapaza sauti. "Kiongozi huyo! Haya, wapeni wenzake."

Sinia likaondoka. Kiboko akalifuata kwa macho.

"Lakini... harufu yake..."
"Lisogezeni mbali, linamkera mzee!"
"Labda nionje..."

Nguchiro akadakia, "Kula kidogo!"

"Nyonga sana!" umati ukaitika, na vigelegele juu.

Tumbo la Kiboko likalia guru, guru, guru. Digidigi alikula mpaka akalamba mwiko, kisha akapanda baiskeli yake mwenyewe, akawaacha wote vumbini. Chui alimwona akipita, akaghairi.

Hadithi yangu imepata pancha hapo. Anayeitaka zaidi, ajaze upepo mwenyewe.

Na funzo? Watoto, waaminini wakubwa wenu. Mkubwa akisema ameshiba, msimbishie. Ondoeni sahani.